Dauniriga ya umeme inapandisha chubwi kwa kusuasua, mara inakata: tuanzie kupima wapi?

Mrambazaji_Mkoani

Assalaam alaykum wanajukwaa. Naomba msaada wa wanaojua umeme wa boti.

Boti ni ya faiba, futi 24, ipo Mkoani, inarambaza (inavua kwa kukokota mishipi) nguru na kolekole pembeni mwa Mkondo wa Pemba. Nyuma ina dauniriga mbili za umeme za volti 12, moja kila ubavu: mashine za kushusha na kupandisha chubwi, yaani uzito wa risasi unaopeleka chambo chini. Zote mbili ni aina moja na umri mmoja, na kila moja inabeba chubwi la ratili 12 (kilo 5.4). Ya kushoto haina neno. Ya kulia ndiyo yenye tabu:

Inashuka vizuri tu, lakini kupanda kutoka futi 100 inachukua sekunde 50. Ya kushoto inachukua sekunde 28.

Ikipandisha kutoka futi 150 na zaidi, inakata njiani. Inanyamaza kama dakika moja, halafu inarudi yenyewe bila kuguswa.

Kishanga cha plastiki kwenye waya kikifika juu, mashine haisimami kama inavyotakiwa. Usipowahi kuzima, chubwi linagonga roda ya mkono wa mashine.

Kaunta ya futi za waya haikubaliani na ya kushoto, tangu waya wa stenlesi ulipobadilishwa.

Betri ni ya Ah 100 (ampea-saa), ina miaka miwili, asubuhi inasoma volti 12.6. Nyaya za kulia ni za nyumba, 2.5 (milimita za mraba), urefu mita 5 kutoka betri, na mwisho kuna plagi ya kuchomeka. Za kushoto ziliwekwa na waliouza boti, ni nene zaidi. Fundi mmoja kasema mota imekwisha inunuliwe nyengine. Mwengine kasema niondoe breka (swichi inayokata umeme wenyewe) ya ampea 30 niweke ya 50. Nimfuate yupi?

---

FundiUmeme_Malindi

Wa alaykum salaam. Usimfuate hata mmoja.

Nianze na hiyo breka ya 50, maana hiyo ni hatari na si rai ya kujadiliwa. Breka haiwekwi kwa ajili ya mota, inawekwa kulinda waya. Waya wa 2.5 ukipitisha ampea 50 ganda lake linalainika, na kwenye boti nyingi hizi waya unapita ubavuni mwa tangi la petroli. Breka inayokata ni shahidi. Ukimfukuza shahidi, kesi inabaki palepale.

Mota nayo huwezi kuihukumu kabla hujajua inapata volti ngapi inapofanya kazi. Hiyo 12.6 ya asubuhi ni ya betri iliyopumzika. Mota hizi ni za sumaku ya kudumu, mwendo wake unafuata volti zinazofika kwenye ncha zake. Ukiipa 9 badala ya 12, itasuasua hata ingekuwa imetoka kwenye boksi leo.

Halafu "inashuka vizuri" isikudanganye. Mashine nyingi zinashusha kwa uzito wa chubwi lenyewe, wewe unalegeza klachi tu. Mota haihusiki, kwa hiyo kushuka hakukwambii lolote kuhusu umeme.

Una bahati ya kuwa na mbili zinazofanana. Fanya hivi kabla hujafungua skurubu hata moja: ng'oa mashine ya kulia uifunge kwenye kitako cha kushoto, na ya kushoto ije kulia. Pandisha futi 100 kwa kila moja, pima sekunde. Tatizo likihama na mashine, ni la mashine. Likibaki ubavu wa kulia, ni la nyaya. Plagi zikiwa hazifanani, unganisha kwa muda kwa waya mnene na nati, usipindepinde kwa vidole.

Baada ya hapo rudisha kila kitu mahali pake, chukua multimita (kipimo cha umeme), weka kwenye volti DC, mtu mmoja apandishe chubwi wewe unasoma. Lazima mashine iwe inavuta mzigo wakati unasoma, bila mzigo hakuna kinachoonekana. Pima betri yenyewe kwenye nguzo zake za risasi, si kwenye vibano. Pima kwenye ncha za mota. Tofauti ya hizo mbili ndiyo volti zinazoliwa njiani. Kisha itafute inaliwa wapi: ncha moja ya multimita kwenye nguzo chanya, nyengine itembeze mbele kituo kwa kituo, mdomo wa breka, mkia wa breka, plagi, mota. Fanya vivyo hivyo upande wa hasi. Watu wengi wanasahau hasi, na nusu ya ugonjwa unalala huko.

Kipimo ninachokikubali: jumla ya pande mbili isizidi nusu volti. Ikifika volti moja, kuna kazi.

---

Nahodha_Kendwa

Kabla hujapima, angalia na unapimaje mzigo. Bandarini maji yametulia chubwi linaning'inia tu. Risasi ndani ya maji ya chumvi inapungua uzito kidogo, ratili 12 inakuwa kama 11. Lakini ukiwa unarambaza fundo 3 na waya futi 150 nje, maji yanasukuma waya na chubwi kwenda nyuma, mota inavuta na huo msukumo. Siku za bamvua na kusi likivuma, mkondo peke yake unatosha kuilemea. Kwa hiyo sekunde za bandarini linganisha na za bandarini, za baharini na za baharini, boti ikienda mwendo uleule. Na unapopandisha, punguza gesi. Mashine nyingi zinachoshwa na nahodha, si na samaki.

Kuhusu kaunta: usiseme mbovu mpaka upime kwa kamba. Chukua kamba isiyovutika, ipimwe kwa futi kamba iwe na urefu wa pima 10 kamili (futi 60, mita 18.3), ifunge kwenye chubwi, shusha kwenye maji yaliyosimama mpaka kamba ikaze, soma kaunta. Kama inasema 60, kaunta nzima. Nasisitiza maji yaliyosimama, kwa sababu baharini waya ukilala nyuzi 30 kutoka wima, futi 100 za waya ni kina cha futi 87 hivi. Ukilala nyuzi 45, ni 71. Hilo si kosa la kaunta, kaunta inahesabu waya tu, haijui kina. Mwenye kifaa cha kuonyesha samaki ataliona chubwi likichora mstari wake, auamini huo.

---

Mrambazaji_Mkoani

Ahsanteni sana. Majibu haya hapa, yote bandarini, chubwi ratili 12, futi 100:

Mashine ya kulia kwenye nyaya za kulia: sekunde 50.
Mashine ya kulia kwenye nyaya za kushoto: sekunde 37.
Mashine ya kushoto kwenye nyaya za kulia: sekunde 36.
Mashine ya kushoto kwenye nyaya za kushoto: sekunde 28.

Volti upande wa kulia, mashine ya kulia ikivuta: betri 12.1, kwenye mota 9.4. Tulipata multimita ya kubana ya DC, inasoma ampea 18.

Upande wa chanya: betri hadi mdomo wa breka 0.05, kuvuka breka 0.80, waya kutoka breka hadi plagi 0.63, kuvuka plagi 0.40. Upande wa hasi: waya 0.63, kibano cha betri 0.20.

Kamba ya pima 10: kaunta ya kulia inasoma 66, ya kushoto 60.

---

FundiUmeme_Malindi

Umefanya kazi safi, sheikh. Sasa majibu yanajisema yenyewe: una maradhi mawili yamepandana. Nyaya za kulia zinaichelewesha hata mashine nzima (36 badala ya 28), na mashine ya kulia inachelewa hata ikipewa nyaya nzuri (37). Ungenunua mota mpya ungepata sekunde 36, ukalalamika kuwa umeuziwa mbovu. Ungebadilisha nyaya tu ungebaki na 37.

Nyaya kwanza. Umepoteza volti 2.7. Waya wenyewe wa 2.5, mita 5 kwenda na mita 5 kurudi, una upinzani wa omu 0.07 hivi. Zidisha kwa ampea 18 unapata 1.26, ndiyo zile 0.63 mbili ulizosoma. Waya haukuharibika, ni mwembamba tu kwa kazi hii. Kwa 6 ungepoteza kama nusu volti kwenye waya peke yake, ambayo tayari imekula posho yote. Weka 10, utapoteza 0.3. Tafuta waya wa nyuzi nyingi laini uliopakwa bati. Ukikosa wa bati hapa kisiwani, chukua wa nyuzi laini wa kawaida lakini ziba kila ncha isiingize hewa ya bahari. Waya wa nyumba wenye nyuzi saba nene usiurudishe, unachoka kwa mtikisiko wa boti na unakatika ndani ya ganda bila kuonekana.

Breka: 0.80 mara 18 ni wati 14. Yaani ndani ya kile kiboksi kuna moto wa pasi ndogo ya kulehemu. Breka hizi zinakata kwa joto, kuna bamba la metali mbili linalojikunja likipata moto, likipoa linarudi. Ndiyo maana inanyamaza dakika moja kisha inaamka. Ampea zako ni 18 tu, haikustahili kukata. Imekata kwa sababu mdomo wake umeota kutu ya kijani na joto la kutu linaingia ndani yake. Itupe, weka mpya ya ampea 30 ileile ya boti, karibu na betri kadiri uwezavyo. Kuisafisha kwa nje hakusaidii, ubovu umeshaingia kwenye mguso wa ndani.

Plagi: 0.40, wati 7. Kama ni ile ya kuwashia sigara kwenye gari, haina kazi hapa, haikuundwa kwa ampea hizi. Weka plagi ya boti yenye pini nene, au funga kwa boliti na nati moja kwa moja.

Ncha zote bana kwa koleo la kubania viatu vya waya (vile vichuma vya kufungia ncha), si kwa pulaizi. Vuta kwa nguvu, kiatu kikitoka ni heri kitoke mkononi kuliko baharini. Vesha mpira wa kuzibia unaosinyaa kwa moto, ule wenye gundi ndani. Risasi ya kulehemu juu ya kiatu mimi siipendi: pale risasi inapoishia waya unakuwa mgumu, mtikisiko unaukatia hapohapo. Kibano cha hasi kikwangue mpaka king'ae, kaza, ndipo upake grisi au vaselini juu. Juu, si katikati.

Na kabla ya yote, toa waya wa hasi wa betri, ondoa chubwi, fungua vifuniko petroli ipumue.

---

Kaboni_Darajani

Mimi nije kwenye mota, maana hiyo tofauti ya 28 na 37 kwenye nyaya zilezile ni ya ndani.

Hebu kwanza uondoe klachi na mzigo. Zungusha ngoma ya waya kwa mkono, linganisha na ya kushoto. Ikiwa nzito au inakwaruza, ni beringi au gia, si umeme. Ikiwa laini sawa na mwenzake, pima mota: ncha zikiwa zimetolewa kwenye saketi, weka multimita kwenye omu, zungusha ekseli polepole. Namba inatakiwa kuwa ndogo na kucheza kidogo tu. Ikiruka mpaka mwisho kila baada ya nafasi fulani, kaboni (kipande kinachopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) haigusi sawasawa. Kisha ncha moja kwenye mota na nyengine kwenye ganda: isisome kitu. Ikisoma, kuna maji au vumbi la kaboni limefanya daraja, na hapo umeme unavuja hadi kwenye waya wa chubwi.

Kufungua: piga alama kwa kalamu isiyofutika kutoka kifuniko hadi ganda hadi kifuniko cha pili. Ukikosea kukirudisha, kaboni zinakaa vibaya kwa sumaku, mota inakosa nguvu au inageuza mwendo. Boliti mbili ndefu zikikataa, usipige nyundo. Sumaku ni za udongo uliookwa, zinapasuka. Paka mafuta ya kulegeza kutu, subiri hadi kesho.

Utakayoyakuta nakuapia ni mojawapo ya haya. Kaboni fupi. Kaboni ndefu lakini imekwama kwenye nyumba yake kwa chumvi, haishuki. Springi imebadilika rangi ikawa ya buluu, maana yake ilipata moto na haisukumi tena. Au komyuteta (mviringo wa shaba unaoguswa na kaboni) nyeusi yenye mfereji. Mara nyingi ni ya pili na ya tatu pamoja: kaboni inakwama, inagusa kwa taabu, cheche zinaichoma springi.

Kaboni ikibaki theluthi ya urefu wake wa awali, badilisha. Hapa sikiliza vizuri, kwa sababu ndipo watu wanapoharibu: usichonge kaboni ya drili ya umeme wa nyumbani. Ile ni ya volti 230, ni kaboni tupu na ina upinzani mkubwa. Kwenye volti 12 inakula umeme yenyewe, inachemka, mota inabaki dhaifu na utadhani umeme haufiki. Mota ya volti 12 inataka kaboni yenye shaba ndani, utaiona ina wekundu na ni nzito mkononi. Kaboni za stata ya pikipiki au gari zinafaa, unazichonga kwa msasa uliolazwa juu ya kioo mpaka ziteleze kwenye nyumba bila kuyumba. Mkia wa zamani ukishakatwa, mpya ulehemu haraka kwa pasi kubwa. Pasi ndogo inakaa sana, risasi inapanda kwenye mkia wa nyuzi na mkia unakuwa mgumu kama msumari, kaboni haishuki tena.

Komyuteta isafishe kwa msasa wa maji namba 400 halafu 600, ukanda mwembamba, huku unazungusha. Msasa wa kusugulia chuma usiupeleke huko, chembe zake zinazama kwenye shaba. Mifereji kati ya vipande iparue kwa kipande cha msumeno kilichonolewa, mpaka uone imeshuka chini ya shaba. Safisha kwa spiriti, si kwa petroli. Pima kipande kwa kipande jirani kwa omu, vyote vifanane, na hakuna kipande kinachosoma na ekseli. Kimoja kikitofautiana sana, amecha (sehemu inayozunguka yenye koili) imeungua, hapo ndipo maneno ya mota mpya yanapokuwa na maana.

Kaboni mpya zilaze: zungushia komyuteta msasa 400, uso wenye makali utazame nje, geuza mara kadhaa kuelekea upande inakozungukia mpaka kaboni ichukue mviringo. Puliza vumbi lote. Kisha iache izunguke bila mzigo robo saa.

---

FundiUmeme_Malindi

Nakubaliana na Kaboni isipokuwa kidogo kwenye kufunga. Ukimaliza usizibe kifuniko kwa silikoni inayonuka siki. Hiyo inatoa asidi inapokauka, na asidi ikifungiwa ndani inakula shaba. Tumia isiyo na harufu ya siki, au gasketi ya mpira.

Na mjue maji yanaingiaje, kwa sababu wengine wanabadilisha kaboni kila mwaka bila kuuliza. Mota inapata moto, hewa ndani inatanuka inatoka. Ikipigwa wimbi au ikimwagiwa maji ya baridi, hewa inasinyaa na inavuta maji kupitia oili sili (mpira wa kuzibia ekseli) iliyochoka. Kwa hiyo badilisha oili sili ya ekseli wakati umeifungua. Namba tatu zimeandikwa usoni: ekseli, tundu, unene. Na muikoshe kwa maji baridi ya bomba yanayotiririka polepole, mashine ikiwa imepoa, si kwa mpira wenye presha. Beringi nunua zenye mwisho 2RS, za mpira pande mbili. Zenye ZZ zina bamba la chuma tu, kwa chumvi ni kama ziko wazi.

---

Kaboni_Darajani

Hilo la silikoni kweli, nimelisahau.

---

Mwana_wa_Rasi

Naona kishanga na kaunta vimeachwa, na hicho kishanga ndicho kitakachokupotezea chubwi.

Zipo namna mbili za kusimamisha. Moja ni kama yako: kishanga kinapanda na waya, kikifika juu kinasukuma kitasa chenye swichi ndogo, umeme wa kupandisha unakatika. Nyengine inahisi waya unapogusana na maji ya bahari kwa umeme, ukitoka majini inasimama. Baadhi ya mashine za Cannon zinatumia umeme huo wa waya na maji hata kuupa waya volti ndogo ya kuvutia samaki. Kwa hiyo ukibadilisha waya ukaweka kamba ya kusuka, huko kazi hiyo inakufa, kamba haipitishi umeme.

Kwa yako ya kishanga, waya ulibadilishwa, si ndivyo? Basi angalia kwanza kishanga kilirudishwa wapi. Kinakaa juu ya kibanio cha shaba kinachokizuia kisiteleze. Kibanio kikilegea, kishanga kinasukumwa chini kila kikigonga, mwisho kinafika kwenye chubwi lenyewe. Acha nafasi ya futi 2 hivi kati ya kishanga na chubwi ili mashine isimame chubwi likiwa bado halijafika kwenye roda. Pili, sukuma kitasa kwa kidole mashine ikiwa inapanda bila chubwi. Isiposimama, swichi imeshikana ndani. Ikisimama kwa kidole lakini si kwa kishanga, springi ya kitasa imejaa chumvi au kishanga ni kidogo kuliko cha awali kinapita katikati. Swichi yenyewe pima kwa omu, bei yake ni ndogo, usihangaike kuisafisha.

Ikiwa mashine yako inaendeshwa kwa relei (swichi inayowashwa kwa umeme), jambo la kuangalia ni relei iliyoshikana: swichi inakata lakini mguso wa relei umelehemeka kwa cheche. Relei ya gari yenye miguu mitano ya ampea 40 inafaa. Miguu 85 na 86 ndiyo koili, 30 ni ya katikati, 87 inashika ikipata umeme, 87a inashika ikiwa imelala. Koili ya volti 12 inasoma kama omu 80 hadi 100.

Kaunta sasa. Futi 60 za kweli kwako zinasomwa 66. Kaunta inahesabu mizunguko ya ngoma, haijui ngoma imevaa waya kiasi gani. Nauliza: waya mpya ulikuwa futi ngapi?

---

Mrambazaji_Mkoani

Futi 200. Wa kushoto una 300 kama ulivyokuja.

---

Mwana_wa_Rasi

Basi hakuna kilichoharibika. Mzunguko mmoja wa futi moja unahitaji kipenyo cha milimita 97. Waya ukipungua, ukabaki chini kwa milimita 4 au 5 kila upande, kipenyo kinakuwa 88 hivi, na kila mzunguko unatoa pungufu ya asilimia 9 au 10. Hiyo ndiyo 66 yako. Toa waya wote, jaza chini kwa mshipi mnene wa nailoni uliokazwa, uvingirishe waya juu yake mpaka ufike kina kilekile cha ngoma ya kushoto. Uvingirishe na mzigo: mtu aushike kwa glavu na kitambaa, aubane. Waya uliolegea unazama katikati ya wenzake, ukishuka unakwama ghafla.

Na unapokuwa umeutoa, pitisha pamba juu yake wote. Pamba ikinasa, kuna uzi umekatika, kata hapo. Mita mbili za mwisho karibu na chubwi zinakatwa kila msimu hata zikiwa nzuri kwa macho, ndizo zinazopinda na kugonga mwamba.

Klachi usiisahau. Mashine ikiwa wazi, toa bamba za klachi, osha kwa spiriti zisiwe na grisi hata alama ya kidole, zipitishie msasa kidogo kama zinang'aa. Halafu ipime kwa mizani ya kutundika: ndoana ya mizani mwisho wa waya, vuta. Kwa chubwi la kilo 5.4 mimi nataka ianze kuteleza kati ya kilo 8 na 10. Chini ya hapo wimbi linalishusha chubwi lenyewe. Juu ya hapo likinasa mwambani, mkono wa mashine au kitako ndicho kinachotoa roho.

---

Mrambazaji_Mkoani

Nyaya za 10, breka mpya ya 30, boliti badala ya plagi. Betri 12.1, kwenye mota 11.6. Mota imefunguliwa: kaboni moja ilikuwa imekwama na chumvi, springi yake buluu, kama alivyosema Kaboni. Zimewekwa kaboni za stata zilizochongwa, springi mbili mpya, oili sili, beringi 2RS. Futi 100 sasa sekunde 29. Futi 180 haikukata mara tano mfululizo, breka unaishika kwa mkono. Kishanga kilikuwa kimeteleza mpaka kwenye chubwi, kibanio kipya, inasimama.

Kaunta baada ya kujaza mshipi chini: pima 10 inasoma 61.

Swali la mwisho: hizo dauniriga mbili pamoja zikifanya kazi siku nzima, betri moja ya Ah 100 itaweza? Mashine ya boti inachaji kidogo sana.

---

FundiUmeme_Malindi

Piga hesabu. Ampea 18 kwa nusu dakika ni Ah 0.15 kwa kila kupandisha futi 100. Mashine mbili, kila moja mara 30 kwa siku, ni Ah 9. Betri haitaona kitu. Kinachoiua ni friji na redio, au kuachwa nusu tupu wiki nzima boti ikiwa ufukweni. Ikishuka chini ya 12.4 baada ya kupumzika usiku, ichaji.

Ila zisipandishwe zote mbili kwa wakati mmoja kama kiungio chao cha hasi ni kimoja. Na hiyo 61, iache.